Mtandao wa Nyuma ya Jabali

Sipendi mteja anayeniambia ugonjwa wa mashine kabla sijaishika. Ndiyo maana Jumatatu ile Mutayoba alipoingia dukani kwangu pale Mirongo, akaweka laptop mezani na kusema, "Fundi, kadi ya waifai ya hii kitu ni mbovu, nibadilishie," nilimjibu vibaya.

"Umesomea nini wewe?"

"Upimaji wa ardhi."

"Basi kapime ardhi. Waifai niachie mimi."

Alicheka kidogo, lakini uso wake haukuwa wa mtu mwenye raha. Laptop yenyewe ilikuwa mpya kabisa, nailoni ya kioo bado haijabanduliwa. Alimnunulia mama mkwe wake, Mwalimu Adoyo, Mjaluo, mstaafu wa shule ya msingi kule Rorya, aliyekuwa amekuja kukaa kwao Bwiru miezi miwili iliyopita. Mama huyo ana miaka sitini na miwili, na katika umri huo anasoma shahada ya uzamili kwa masafa. Kijijini kwake ukitaka mtandao inabidi upande kichuguu na simu mkononi, kwa hiyo binti yake, Akelo, mkewe Mutayoba, akamwita mjini amalizie masomo. Tasnifu ilishakamilika. Kilichobaki ni kuitetea mbele ya jopo la walimu, kwa video.

"Mara ya kwanza ilishindikana," Mutayoba akanieleza. "Alitumia laptop yake ya zamani, ikawa inakatakata. Jopo wanaona midomo tu, sauti hakuna. Mwenyekiti akasema, mama hatukusikii, tutakupangia siku nyingine. Hiyo siku nyingine ndiyo Alhamisi hii, saa nne asubuhi. Na usajili wake unaisha mwezi huu, fundi. Akikwama tena, miaka yake minne imekwenda na maji."

Hapo nikapunguza ukali. Mimi Machibya nina hasira za karibu, lakini moyo ninao. Nikaiunganisha laptop na waifai ya dukani. Spidi ikapanda mpaka megabiti hamsini na mbili kwa sekunde. Nikafungua video tatu kwa mpigo, zote zikatiririka bila kusitasita.

"Nzima hii," nikasema. "Nyumbani inasoma ngapi?"

"Ikifika moja na nusu tunafanya sherehe."

"Huko nyumbani kuna kitu. Lakini laptop ni nzima."

Akaondoka nayo. Jumanne saa tatu nimemwona tena mlangoni, laptop kwapani. Mama mkwe amesema bado inatambaa. Nikaguna, nikaifungua tena, na safari hii kweli nikakuta vya kurekebisha. Laptop mpya ina tabia ya kushusha masasisho yake kimyakimya, inajaza njia yote na mwenyewe huambiwi. Nikayasitisha. Halafu nikaona imepangwa kubana matumizi ya betri, maana yake ukichomoa chaji inainyima nguvu ile kadi ya waifai. Nikaondoa. Draiva, ile programu inayoendesha kadi, ilikuwa ya zamani, nikaweka mpya. Spidi ikaruka mpaka sitini. Nikamrudishia kwa maringo, kama mtu aliyefufua maiti.

Jumatano saa sita mchana simu yake ikaita. "Fundi, hali ni ileile. Kesho ndiyo siku yenyewe."

Nikafunga duka kwa kishindo mpaka jirani yangu Queen, muuza vifuniko vya simu, akauliza nimegombana na nani. Nikamwambia nakwenda Bwiru kugombana na nyumba.

Nyumba ya Mutayoba imejengwa ubavuni mwa kilima, na kama nyumba nyingi za huko, imegawana kiwanja na mawe. Nyuma ya jiko kuna jabali kubwa kuliko lori la fuso, ambalo aliyejenga hakuthubutu kulipasua, akaliacha na kuendelea na maisha. Mutayoba alinipokea, akanipitisha moja kwa moja mpaka chumbani kwao, ambako mafundi wa mtandao walikuwa wamefunga ruta ukutani, juu ya kitanda, kwa sababu nguzo ya mtaani iko upande huo.

Nikapima. Chumbani hamsini na nane. Sebuleni arobaini. Nikarudia mara tatu, jibu lilelile.

"Sasa shida yako iko wapi?" nikamuuliza, damu imeanza kuchemka.

Akanionyesha pembeni ya kitanda. Palikuwa na meza mpya ya mninga, kiti chenye mto, taa ya kusomea, hata chupa ya maji na glasi. "Nimemtengenezea ofisi," akasema. "Mimi na mtoto wetu Nice tunalala sebuleni siku hizi, ili yeye awe huru hapa na ruta yake. Wiki ya pili sasa. Hajakaa hapo hata dakika moja."

Basi nikamwita mwenyewe. Mama akaja mpaka mlango wa jikoni, ule unaotokea uani, akasimama nje ya kizingiti. Mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, kitenge kimefungwa vizuri, miwani imening'inia kifuani kwa kamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Mama, ingia huku ujaribu mwenyewe. Laptop inakimbia kama swala."

"Nashukuru. Nimeamini."

"Kuamini hakutoshi, mama. Kesho saa nne unatakiwa ukae hapa kwenye hii meza. Ingia nikuonyeshe."

"Imetosha, mwanangu. Nipe tu niende nayo."

Na mimi, mjinga, nikapandisha sauti. Nikamwambia tumehangaika siku tatu, mkwe wake amelala chini kwa ajili yake, na kumbe mwenyewe hataki hata kunyanyua mguu. Nikasema kama hataki kusoma aseme, watu wafanye mengine. Nilimsemea mama wa umri ule maneno ambayo nisingevumilia kijana wangu ayaseme kwa mama yangu. Yeye akanyoosha mikono, akapokea laptop kutoka kwangu pale kizingitini, akageuka na kupotea nyuma ya jabali.

Mutayoba alikuwa amekaa kwenye mkono wa kochi. "Umeona?" akasema taratibu. "Miezi miwili, fundi. Sebule yangu haijui. Chakula anapelekewa uani. Akelo yuko Nansio, nesi, anarudi mwisho wa wiki kwa meli. Nikimuuliza ananiambia mama anapenda upepo wa nje. Upepo gani huo? Mimi ni Mhaya, hanitaki kwa binti yake, basi. Ndoa ina miaka minne, tuna mtoto, na bado hanitaki."

Nikaanza kukusanya vifaa vyangu, na hapo ndipo nilipopata akili ambayo nilipaswa kuwa nayo tangu Jumatatu. Siku tatu nimepima laptop dukani, chumbani, sebuleni. Sijawahi kuuliza mwenye laptop anakaa wapi. Mwanafunzi wangu akifanya kosa hilo ningemfukuza.

Nikazunguka jabali. Nyuma yake kulikuwa na chumba kimoja cha tofali na bati, kilichokuwa stoo. Mlango wazi. Ndani kitanda kimetandikwa vizuri, vitabu vimepangwa sakafuni juu ya mkeka, na mama amekaa kwenye kigoda, laptop juu ya kreti mbili za soda. Nikabisha hodi, nikaomba nipime. Ikasoma moja. Baadaye ikasoma sifuri na nukta nane. Kati ya pale na ruta kulikuwa na kuta tatu, mabati, na jabali lote lile. Hata uwe na laptop ya rais, mawimbi hayapiti kwenye jiwe la namna hiyo.

"Kwa hiyo hapa ndipo unapofanyia kazi, mama."

"Hapa."

"Na kule kwenye meza ni nini kinakuzuia?" Nikajikaza, nikashusha sauti. "Nisamehe kwa maneno yangu ya pale jikoni. Nilikosa adabu. Lakini nieleze, maana nisipojua siwezi kutengeneza."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Mwanangu, kwa bibi yangu na kwa mama yangu, mama mkwe haingii nyumba anayolala mkwe wake. Chumbani kwake ndiyo kabisa. Siku hizi wengi wanaingia, hata mdogo wangu anaingia, anaangalia na televisheni. Mimi nimefundisha sayansi miaka thelathini na tano, najua kuta hazina kosa. Lakini nikifika pale kizingitini mguu unakataa. Kile kitanda analala na binti yangu. Nikakae pembeni yake nitetee tasnifu? Nitaongea nini?"

"Basi si umwambie Baba Nice."

"Nimwambie vipi? Ameniletea laptop. Amenunua meza. Analala chini. Nikimwambia meza yako siwezi kuikalia, si nitakuwa nimemtukana? Kijana yule namheshimu sana. Hii yote ni heshima yake." Akarudisha miwani. "Na wewe usimwambie. Ataona aibu. Mungu akipenda, kesho mtandao utatulia wenyewe."

Nikatoka nje nikasimama juani. Niseme ukweli, nilijisikia vibaya sana. Mimi ni Msukuma wa Magu. Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kula meza moja na baba yangu mpaka anaingia kaburini, na walipendana kuliko watu wanaokula pamoja kila siku. Nilikuwa nayajua haya. Mjini nimekaa miaka ishirini, nikayaweka kapuni.

Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi. Kuvuta waya kutoka kwenye ruta, kuutoa dirishani, kuupitisha juu ya jabali mpaka stoo, na kule kufunga ruta nyingine ndogo, maana laptop nyembamba za siku hizi hazina hata tundu la kuchomekea waya. Ruta kuukuu ninayo dukani. Ugumu ulikuwa kwa Mutayoba.

"Utoboe wavu wa dirisha la chumbani kwangu?" akasema nilipomweleza. "Kwa nini? Si ndani kuna meza?"

"Ni rahisi zaidi kule."

"Rahisi kwa nani?" Akasimama. Mtu mpole huyu akikasirika anatisha. "Hapana. Kama nyumba yangu haitaki, na intaneti ya nyumba yangu asiitake. Akatafute kwingine. Mimi nimechoka kujipendekeza."

Saa ilikuwa inakwenda saa kumi. Nilikuwa nimeombwa nisiseme, na nisiposema, kesho yule mama ataongea tena na watu wanaoona midomo tu. Nikavunja ahadi. Nikamweleza yote, neno kwa neno: bibi, mama, kizingiti, mguu unaokataa. Nikamwambia alivyosema hii yote ni heshima yake.

Mutayoba akakaa kitandani. Akaiangalia ile meza ya mninga muda mrefu.

"Waitu," akasema, akishtuka kwa Kihaya. "Nimemwambia mkwe wangu akae pembeni ya kitanda changu."

"Hukujua."

"Kila asubuhi namwambia, mama karibu, ofisi iko tayari. Kila asubuhi, fundi! Na mlango nauacha wazi aone kitanda nilivyokitandika." Akajifunika uso kwa viganja, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani vyote viwili. Halafu akainuka, akachukua mkasi, akaukata wavu wa dirisha mwenyewe kabla sijafungua mfuko wangu.

Alhamisi saa moja asubuhi nilikuwa pale na ruta kuukuu na waya. Nilikuwa na vipande viwili, cha kwanza hakikufika, kwa hiyo nikaviunga katikati kwa kiunganishi, na kiungo kikaangukia juu kabisa ya jabali. Tukapima stoo: arobaini na nne. Mama Adoyo akaiona namba, akaweka mkono kifuani. Hakuuliza tumesema nini ndani. Nadhani alijua, maana Mutayoba alimsalimia kwa mbali, ameinamisha macho, akampa habari ya asubuhi na kuondoka. Hakumkaribisha ofisini.

Saa nne kasoro dakika kumi mtandao ukakata.

Nikapanda jabali mbio. Kile kijiti cha plastiki kinachoshika waya kwenye kiunganishi kilikuwa kimevunjika, na upepo wa ziwa ulikuwa unautikisa waya mpaka unachomoka. Nikausukuma, ukashika. Nikauachia, ukachomoka. Nikafunga gundi ya karatasi, ukachomoka. Duka langu liko mbali, na dakika zilikuwa saba.

"Ukiushika kwa mkono?" Mutayoba aliuliza kutoka chini.

"Unakaa. Lakini nani atashika saa nzima? Mimi natakiwa ndani kwenye laptop."

Alishapanda. Akavua koti la kazini, akakaa juu ya jiwe, akaubana waya kwa vidole viwili. "Nenda," akasema. "Mimi kazini kwangu nashinda juani nimeshika fimbo ya kupimia. Nenda."

Jopo lilikuwa la watu wanne. Mwenyekiti, mzee mwenye kipara, alianza kwa wasiwasi. "Mwalimu Adoyo, leo unatusikia?"

"Nawasikia vizuri sana, mwenyekiti."

"Na sisi tunakusikia. Endelea."

Akaendelea. Tasnifu yake ilihusu wanawake wanaoanika dagaa katika mialo ya wavuvi huko Rorya, na kwa nini nusu ya dagaa huozea mchangani kila mvua zikianza. Nilikuwa nimekaa pembeni, jicho kwenye alama ya waifai. Ilishuka mara mbili tu, na mara zote nilipochungulia nje, Mutayoba alikuwa palepale, jasho linamtiririka, mkono wake wa pili umeshika kiwiko cha ule wa kwanza.

Baada ya nusu saa mama mmoja wa jopo akauliza swali. "Unasema chanja za kuanikia zilijengwa, zikaachwa. Dagaa wa kwenye chanja ni safi na wana bei nzuri. Kwa nini hao wanawake wakarudi mchangani? Ni ukaidi?"

Mwalimu Adoyo hakuharakisha. "Si ukaidi. Waliozijenga walipima jua wakapima na upepo, wakaziweka mahali pazuri kweli. Mahali hapo ndipo wanaume wa mitumbwi wanapooga wakitoka kuvua. Mwanamke wa kwetu hawezi kushinda hapo na wakwe zake wanaoga. Hakuna aliyesema, kwa sababu waliojenga walikuwa wema, na mtu mwema unaogopa kumwambia zawadi yako siiwezi. Kosa la wanawake lilikuwa kunyamaza, na nimeliandika kwenye ukurasa wa themanini na moja. Nikiri kwamba hata mimi nina kosa hilo."

Kimya kikapita, nikaogopa kwamba mtandao umekata tena. Haukukata. Walikuwa wanaandika.

Wakamwomba asubiri, wakarudi baada ya robo saa. Mwenyekiti akasema amefaulu, na marekebisho madogo ya wiki mbili. Akampongeza. Halafu akauliza, kwa udadisi tu, "Mwalimu, safari iliyopita tuliteseka sana. Leo mtandao huu umeupata wapi? Tuwaambie na wanafunzi wengine."

"Kwa mwanangu," akasema. "Ameushika mpaka nimemaliza."

Mimi fundi sikutajwa, na kwa mara ya kwanza katika kazi yangu sikukasirika.

Laptop ilipofungwa, mama akajifuta machozi waziwazi, bila aibu. Kisha akatoka nje. Mutayoba alimsikia anakuja, akauachia waya na kushuka haraka upande wa pili wa jabali, upande wa jikoni, asikutane naye uso kwa uso. Hakuna aliyemfundisha. Mama akafika jiweni, akaliona koti limebaki juu, akasimama.

"Baba Nice," akaita. "Mwanangu. Nimefaulu."

Upande wa pili nyayo zikasimama.

"Nimesikia yote, mama," Mutayoba akajibu. "Shikamoo."

Mama akaweka kiganja juu ya lile jiwe la moto, akakiacha hapo, akamwita mwanangu tena, safari hii kwa Kijaluo.

"Marahaba, nyathina."